Rampu ya kuingilia mmejenga, siku ya moto tunatokaje?

Habari zenu wasomaji. Toka tuseme toleo lililopita kwamba mwezi huu safu ni ya maswali ya kazini ya watu wenye ulemavu, barua na meseji zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea, siwezi kujibu zote, nimechagua tano. Kwa wasionijua, natembea kwa magongo mawili toka nina miaka minne, ni polio, na nimefanya kazi za ofisini miaka 19 kabla sijaanza kukaa na hii safu, kwa hiyo mengine hapa nayasema kwa sheria na mengine nayasema kwa sababu mwili wangu umeyapitia.

SWALI: Dada shikamoo. Nina ofisi ya klaring na fowading hapa Dar, tuko wafanyakazi 23. Mwezi wa tatu tuliajiri mhasibu anayetumia kiti mwendo, binti mzuri sana wa kazi. Nikamwita fundi akajenga rampu kwenye zile ngazi tatu za mlangoni, akaweka na vigae ili ipendeze, lakini kila siku lazima mlinzi amsukume, na juzi mvua imenyesha wakarudi nyuma wote wawili nusura waanguke. Fundi anasema rampu ndo zilivyo. Na kitu kingine sijui kama ni cha kwako, binti mwenyewe ni wa kujitenga kidogo, chai ya saa nne tunakunywa wote yeye hanywi, hata maji hanywi, wenzake wanaona anaringa. Nifanyeje?
– Mwenye ofisi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba kaka. Naanza na chai, maana hapo ndo nilisimama nikarudia kusoma barua yako. Kaka, choo chenu kikoje? Hujakitaja kabisa. Karibu nina uhakika huyo binti haringi, hanywi chai kwa sababu akinywa saa nne, saa tano atataka kwenda chooni, na hicho choo haingii. Mi nimeishi hivyo miaka miwili. Ofisi yangu ya kwanza choo cha wanawake kilikuwa ngazi kumi na moja chini, sakafu imelowa muda wote, gongo likiteleza pale umekwisha, nikawa nakunywa maji nikiamka alfajiri alafu basi, mpaka nirudi nyumbani jioni. Watu wakawa wanasema huyu dada anapenda kufunga. Nilichopata ni UTI za kujirudia rudia, na siku daktari aliponiuliza unakunywa maji kiasi gani kwa siku nilishindwa kumjibu, nikaanza kulia pale pale kwenye kiti.

Kwa hiyo kabla fundi hajarudi, mwambie mwanamke mmoja pale ofisini unayemwamini amuulize binti kwa faragha choo anakitumiaje. Alafu nenda ukakiangalie mwenyewe ukiwa na futi kamba. Upana wa kupita mlangoni uwe angalau sentimita 80, ukifika 90 ni vizuri zaidi, na nyumba zetu nyingi za kupanga mlango wa choo ni mwembamba kuliko hapo, kiti hakipiti. Mlango ufungukie nje, kwa sababu ukifungukia ndani akishaingia na kiti hawezi kuufunga, anajisaidia mlango wazi, na akianguka nyuma yake hamwezi kuusukuma mkamtoa. Ndani pawe na nafasi ya kugeuza kiti, duara la mita moja na nusu. Choo kiwe cha kukaa, vyuma vya kushikia vifungwe na bolti zinazoingia kwenye tofali kabisa, zile skrubu za kutundikia taulo hazifai maana uzito wote wa mtu unakuja hapo wakati anahama kutoka kwenye kiti. Na nakuomba kisigeuke stoo. Nimeona vyoo vya walemavu vimejengwa kwa hela nyingi, vizuri, ukifungua unakuta ndoo, madeki na feni mbovu.

Sasa rampu. Fundi wako hajasema ukweli. Ngazi tatu za kawaida ni kama sentimita 45 kwenda juu, na kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita moja unayopanda unahitaji sentimita kumi na mbili za urefu. Piga hesabu, 45 mara 12 ni sentimita 540, karibu mita tano na nusu. Nina wasiwasi yako ina mita moja na nusu, au mbili kama amejitahidi. Hiyo ni ya kupandishia pikipiki. Najua utasema mbele ya ofisi hamna mita tano, sawa, inakunjwa, ipande kufuata ukuta alafu igeuke, pale inapogeuka pawe bapa ili apumzike na kiti kisiserereke. Hivyo vigae ving'oe, vikilowa vinateleza hata kwa anayetembea na miguu yake miwili. Zege tupu, likiwa bado bichi fundi alipitishie ufagio mgumu liwe na mistari, hiyo haigharimu chochote. Pembeni weka kingo ndogo tairi isichomoke, na chuma cha kushikia pande zote mbili. Na mlinzi amsukume pale atakapoombwa tu, mtu mzima kusukumwa kila asubuhi mbele ya wateja sio kitu kidogo.

Alafu kuna swali hujaniuliza. Nyuma ya ofisi kuna mlango mwingine? Una grili? Ufunguo wa kufuli anakaa nao nani? Moto ukianzia mapokezi, pale kwenye rampu yako, huyu binti anatokea wapi? Hapa ndo wengi tunakosea, tunajenga njia ya kuingia tunapiga picha, tunasahau kwamba kuna siku mtu atatakiwa kutoka kwa haraka. Huo mlango wa nyuma nao unahitaji rampu, hata ya sahani ya chuma inayokunjwa kama mwenye nyumba hataki uguse sakafu yake. Kubalianeni watu wawili, na wa tatu wa akiba kama mmoja yuko likizo, kwamba siku ya hatari wao ndo wanaenda kwake kwanza, na yeye mwenyewe ndo awaelekeze kiti kinashikwa wapi. Viti vingi sehemu ya kuwekea mkono inachomoka, mkinyanyua hapo anaanguka yeye mnabaki na chuma mkononi. Fanyeni mazoezi siku ambayo hamna moto.

La mwisho kwako, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea, asilimia 3 ya wafanyakazi wawe watu wenye ulemavu wenye sifa za kazi. Kwa watu 23 hiyo haifiki hata mtu mmoja mzima, kwa hiyo kwa namba umeshatimiza. Nakuomba usimfikirie kama namba. Ukimaliza choo, kesho yake saa nne mpelekee kikombe uone.

SWALI: Habari dada. Mimi ni mlinzi wa getini, nina ualbino. Zamu yangu saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni, kibanda hamna, kuna mwavuli tu wa kampuni ya simu. Mabega na masikio yameanza vidonda. Nimemwambia bosi, kasema basi atanisaidia nihamie zamu ya usiku. Lakini dada usiku mimi naogopa njia ya kurudi na kwenda, unajua tulikotoka.
– Wa getini, Dodoma

JIBU: Pole sana mdogo wangu, na ndio, najua tulikotoka. Kidonda kwenye ngozi ambacho kimepita wiki mbili tatu hakiponi usikisubirie likizo, wahi kliniki ya ngozi wiki hii hii, saratani ya ngozi ikiwahiwa inatibika na ikiachwa ndo inaua watu wetu wakiwa bado vijana.

Kwa bosi mpelekee hoja hivi: mafuta ya kuzuia jua, kofia pana na shati la mikono mirefu kwako ni vifaa vya kazi, kama helmeti ilivyo kwa fundi wa jengo au buti za mpira kwa wa kiwandani. Helmeti mfanyakazi hanunui kwa mshahara wake. Mafuta yapo, kuna Kilisun yanayotengenezwa Moshi pale KCMC kwa ajili ya watu wenye ualbino hasa, ulizia kliniki au chama cha watu wenye ualbino tawi la mkoani kwako. Kibanda chenye paa na ukuta upande wa jua ni kazi ya fundi ya siku mbili. Na jua kali ni kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, hayo masaa mnaweza kupokezana, wewe ukae ndani kwenye kitabu cha wageni au kamera mwenzako asimame nje.

Zamu ya usiku isiwe ndo msaada pekee. Bosi wako nadhani hana nia mbaya, ila amekupangia bila kukuuliza unaogopa nini. Mwambie. Kama usiku haukwepeki, basi usafiri wa kukuchukua na kukurudisha mlangoni uandikwe kabisa.

SWALI: Shikamoo dada, naandika kwa niaba ya mume wangu. Anafanya kazi kiwanda cha mbao, mwezi wa kwanza msumeno ulimkata vidole vitatu mkono wa kulia. Bosi alilipa hospitali tunamshukuru, akasema apumzike nyumbani watamwita. Sasa ni mwezi wa tano hawajamwita, mshahara ulikuja miezi miwili ukakata. Mkataba hana wa karatasi. Yeye anasema tuache kwa sababu bosi alikuwa mwema, mi nina watoto watatu.
– Mama wa watoto watatu, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuandika. Mwambie baba watoto hivi, kulipa hospitali ni wema ndio, lakini ajali ya kazini ina haki zake na hizo hazitoki mfukoni kwa bosi, zinatoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mfuko huo uko kwa mujibu wa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, waajiri wanachangia, mfanyakazi hakatwi hata senti. Kwa hiyo kudai sio kumgeuka bosi wala kumshitaki, ni kutumia kitu ambacho bosi mwenyewe anatakiwa awe anakilipia.

Muda ndo unaonipa wasiwasi. Taarifa ya ajali inatakiwa iwe imefika ndani ya miezi 12, nyie mmeshatumia mitano. Wiki hii kusanyeni karatasi zote: za hospitali, picha za mkono, meseji za bosi hasa ile ya "tutakuita", miamala ya mshahara kwenye simu, na majina ya waliokuwepo siku ile. Kutokuwa na mkataba wa karatasi kusiwatishe, hizo meseji na miamala zinaonyesha alikuwa mfanyakazi. Mkiambiwa kiwanda hakijasajiliwa msigeuze njiani, nendeni ofisi ya WCF wenyewe muulize. Mafao hayaishii kwenye matibabu na malipo ya ulemavu, kuna na utengamao, yaani kumsaidia mtu arudi kazini au ajifunze kazi nyingine.

Na hapo kwenye kurudi kazini nataka nikae kidogo. Watu wengi, hata ndugu, wakiona vidole vimepungua wanasema basi, kazi imeisha, atafutiwe kiduka. Lakini mume wako anajua mbao. Anajua mninga na mkongo kwa kunusa, anajua bao lipi litapinda likikauka, anajua mteja yupi anapunjwa vipimo. Hiyo haikuwa kwenye vidole. Anaweza kupima, kupanga mbao, kusimamia stoo, hata kurudi kwenye mashine kama mpini na pedali zitahamishwa zikae upande wa kushoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, ibara yake ya 27 inamtaja waziwazi na mtu aliyepata ulemavu akiwa kazini, naye haki ya kazi ni yake. Aandike barua fupi ya heshima: mimi niko tayari kurudi, naomba tukae tuangalie kazi gani naweza kuifanya. Abaki na nakala. Akijibiwa kwamba kazi hana, hapo siku zinaanza kuhesabika, kupeleka lalamiko la kuachishwa kazi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ni ndani ya siku 30, msizipoteze kwa kumsubiri mjomba azungumze nae.

Swali moja la kumuuliza bosi nalo, kwa upole: ule msumeno umeshafungwa kinga? Au kuna kijana mwingine amesimama pale pale alipokuwa amesimama mume wako?

SWALI: Hujambo dada, nakusoma kutoka Mombasa. Mimi sioni kabisa, natumia kompyuta yenye kusoma kwa sauti. Nimeajiriwa kampuni ya bima mwezi jana, shida ni mfumo wao wa klemu, yaani madai ya bima, nikiufungua sauti yanisomea "kitufe, kitufe, kitufe" basi, sijui kitufe kipi ni cha kutuma na kipi cha kufuta. Mkubwa wangu ameanza kusema labda kazi hii si yangu. Pia nimejigonga kichwa mara mbili hapo koridoni.
– Msomaji, Mombasa

JIBU: Sijambo kaka, karibu sana. Kazi ni yako, kilichoharibika ni mfumo. Programu ya kusoma skrini inasoma kile aliyetengeneza mfumo alichokiandika nyuma ya kila kitufe, asipoandika jina inabaki kusema kitufe tu. Aliyeutengeneza aliweka picha ndogo, ya bahasha, ya pipa la taka, mwenye macho anaelewa, akasahau kuweka majina. Kuyaweka sio kujenga mfumo upya, ni mtu wa IT kupita kurasa moja moja na kuandika "tuma", "hifadhi", "futa". Mwombe akae na wewe nusu saa tu, yeye azime skrini yake ajaribu kutuma klemu moja kwa kusikiliza. Hamna maelezo yanayoshinda hiyo nusu saa. Na mkubwa wako asiogope gharama, kuna programu ya kusoma skrini inaitwa NVDA, ni ya bure, ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia ambao wenyewe hawaoni, na leo inatumika dunia nzima. Fomu zilizopigwa picha na kutumwa kama PDF nazo waambie waache, kwa programu yako hiyo ni picha tu, haina herufi, watume iliyochapwa.

Koridoni nakisia umegonga kiyoyozi, au dirisha linalofungukia nje, au ngazi za kupandia juu umepita chini yake. Fimbo nyeupe inakagua sakafu, inakuambia kuna ndoo, kuna ngazi, lakini kitu kinachoning'inia usawa wa kichwa fimbo inapita chini yake inakuambia pako wazi. Waambie watu wa majengo kila kinachotokeza ukutani usawa wa kichwa kihamishwe, na kama hakihamishiki kiwekewe kitu chini yake mpaka sakafuni, hata chungu kikubwa cha maua, ili fimbo ikikute kabla ya paji la uso. Na wasihamishe meza bila kukwambia. Siku za mwanzo tafuta mtu akupitishe njia zote, na moja lazima iwe ya ngazi za dharura, uzihesabu mwenyewe kwa mguu mpaka nje, maana siku ya moshi mzito wenzako nao hawataona na wewe ndo utakuwa unaijua njia.

Kwenu huko mna Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, na Katiba ya 2010 ibara ya 54 inataja haki ya kufika sehemu zote na kupata taarifa, kwa hiyo huombi fadhila. Kama hujajiandikisha Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu fanya hivyo, bila hiyo kadi hupati ule msamaha wa kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mshahara kwa mwezi kupitia KRA, mamlaka ya kodi ya kwenu, na wengi nakutana nao wanalipa kodi miaka kwa sababu hamna aliyewaambia.

SWALI: Dada habari. Mimi ni kiziwi toka darasa la tatu, niliugua uti wa mgongo. Kusoma na kuandika naweza vizuri. Nafanya kazi stoo ya vinywaji, nahesabu katoni, miaka sita sasa sijawahi kukosea hesabu. Mwezi uliopita walifanya zoezi la moto. Kengele imelia watu wote wametoka mi sijui, nimebaki ndani nahesabu. Nilishtuka kuona kimya cha macho, hamna mtu hata mmoja anapita, nikatoka nje nikakuta wamepanga mstari wananicheka. Supavaiza aliandika kwenye simu akanionyesha: SIKU YA KWELI UNGEKUFA. Sasa wanataka kunihamisha niwe mfagiaji nje, mshahara unashuka, wanasema ni kwa usalama wangu. Folklifti pia ishanikosa mara mbili.
– Mhesabu katoni, Temeke

JIBU: Mdogo wangu, hii barua nimeisoma usiku nikashindwa kulala. Ngoja nikuambie kitu, na uwaonyeshe hii safu. Kwenye lile zoezi wewe hukufeli chochote, waliofeli ni wao, na mara mbili.

Mara ya kwanza ni kengele. Stoo yenye mfanyakazi kiziwi ikiwa na kengele ya sauti peke yake, hiyo ni stoo ambayo haijamweka huyo mtu kwenye hesabu toka siku ya kwanza. Taa za kumulika zinazowaka pamoja na kengele zipo na zinauzwa, ziwekwe ulipo wewe, kwenye njia kati ya mashelfu, na chooni, hasa chooni maana pale hamna mtu wa kukugusa bega. Mpaka zinunuliwe, kuna njia ambayo haihitaji bajeti. Niliwahi kutembelea karakana ya kushona yenye mafundi viziwi wawili, kila mtu pale anajua ukitaka kuwaita unazima na kuwasha taa mara mbili, na ukizima na kuwasha mfululizo bila kuacha maana yake tokeni. Hata mtoto wa mama ntilie anayeleta chakula alikuwa anajua. Na hizo taa zingewasaidia wengine hapo kwenu, nani anasikia kengele akiwa ndani ya konteina, au akiwa pembeni ya mashine inaunguruma, au ana spika za masikioni.

Mara ya pili ndo iliyoniuma zaidi. Watu wamepanga mstari nje. Nani aliwahesabu? Zoezi la moto ni kuhesabu watu, mkifika sehemu ya kukusanyikia anaitwa mmoja mmoja kwa orodha, anayekosekana anatajwa pale pale kwa zimamoto. Wewe uliyehesabu katoni zao miaka sita bila kukosea, siku moja ya kukuhesabu wewe walikusahau, na ulipotoka mwenyewe wakacheka. Aliyekuandikia ungekufa alitakiwa aogope sana aliposema hivyo, maana orodha iko mkononi mwake yeye.

Folklifti. Ile sauti ya kurudi nyuma kwako haipo, kwa hiyo wakuwekee inayoonekana. Kuna taa ya bluu inafungwa kwenye folklifti, inapiga doa sakafuni mita kadhaa mbele au nyuma ya mashine, unaliona doa kabla mashine haijatokea kwenye kona. Kona ziwekwe vioo vya mviringo, njia za watu zichorwe rangi ya njano na dereva asizikanyage. Na dereva asikupite kwa nyuma mpaka mmeonana macho, hiyo iwe sheria ya stoo, iandikwe ukutani. Mafunzo ya usalama yafanyike kukiwa na mkalimani wa lugha ya alama, au kama unapendelea kusoma, wakupe maandishi kabla, lakini hicho ni kitu cha kukuuliza wewe. Wenzako wajifunze alama chache za kuokoa maisha: moto, simama, toka, nyuma yako, uko salama. CHAVITA, chama cha viziwi, wanaweza kuwasaidia kupata mtu wa kuwafundisha.

Kuhusu ufagiaji, usisaini chochote. Kumhamisha mtu na kumshusha mshahara kwa sababu ya uziwi wake, wakati kazi anaiweza na hawajajaribu hata taa moja, huo ni ubaguzi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kwa kutaja ulemavu. Tena wanakupeleka nje kufagia, ambako magari ya mizigo yanaingia na kutoka yakipiga honi. Wanasema ni usalama wako, huko honi utaisikiaje? Andika barua kwa HR, nakala kwa mwakilishi wa usalama na afya hapo kazini na kwa chama cha wafanyakazi kama kipo, ueleze siku ya zoezi ilivyokuwa kama ulivyoniandikia mimi, kwa utulivu ule ule, alafu uombe mambo manne: taa, orodha ya kuita majina, mwenza wa kukugusa bega, na njia ya folklifti. Wakikaa kimya, OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wana wakaguzi, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inawapa mamlaka ya kuingia na kukagua. Wakikushusha kwa nguvu, CMA, nimeshaielezea kwenye jibu la mama wa Morogoro.

Mwombe supavaiza zoezi lirudiwe mwezi huu, wewe ukiwa palepale ulipokuwa, katikati ya katoni. Alafu niandikie uniambie taa iliwaka saa ngapi, umetoka na nani, na jina lako limeitwa la ngapi.